Mwaka Fungu Langu Lilipochelewa Kuchanua

Jumapili, Agosti 18

Niandike mapema kabla sijasahau: kisiwani kwetu, kusini mwa mlango-bahari wa Bass, hakuna mwanamume mwenye bahati kama mimi, Des Quilty. Nimepika kwenye meli tangu nilipoacha shule, na shule yenyewe niliiacha kabla haijaniacha. Meli moja iliwaka moto nje ya Valparaiso, nikatoka nimeshika sufuria, na supu ndani yake. Nahodha mmoja alinifukuza kazi Durban, safari iliyofuata meli yake ikapanda mwamba. Nilioa mwanamke mwenye akili kunizidi, tukapata binti mwenye akili kutuzidi wote wawili. Mke aliondoka, sawa, ila aliondoka bila kunivunjia hata sahani.

Na bahati kubwa kuliko zote iko hapo nje, kando ya njia ya kuingilia nyumbani. Fungu langu la dafodili, yale maua ya manjano ya baridi inapoisha, halijawahi kupofuka hata msimu mmoja.

Hapa shambani kwetu Ardmoyle kila mtoto wa ukoo anapozaliwa hupandiwa fungu lake la maua kando ya njia, na jiwe lenye jina lake. Hiyo ni desturi nzuri. Jambo baya ni kwamba damu yetu ina Mtikiso. Unaanza kwenye vidole, unashuka miguuni, unapanda kwenye ulimi, mwisho unaingia kichwani. Mzazi akiwa nao, kila mtoto wake ni kama sarafu iliyorushwa: huku au huku. Bibi yangu, mama wa baba, ndiye aliyetufundisha kusoma maua. Fungu likitoa majani matupu bila ua, limepofuka, na Mtikiso umeshamchagua mwenyewe. La baba yangu lilipofuka, na baba akatikisika mpaka akafa akiwa na miaka arobaini na tisa. Mimi nina hamsini na tatu na sijawahi kukosa ua. Mjini Hobart kuna kipimo cha damu siku hizi. Mimi kipimo cha nini? Ninalo fungu.

Nimerudi kwa sababu Shangazi Ettie, dada yake baba, alianguka mwezi wa nne akavunjika nyonga. Ana miaka themanini na moja, fimbo moja na mdomo mmoja, na mdomo haukuvunjika.

"Umenenepa," akaniambia mlangoni.

"Ni hekima, shangazi. Nimezunguka dunia nikiikusanya."

"Basi imekaa tumboni yote. Vua viatu."

Jumatatu, Agosti 19

Mvua. Kikombe cha bluu kimeniponyoka. Kilikuwa na mafuta.

Jumapili, Septemba 1

Kondoo wanazaa. Maua madogo meupe yamefunguka chini ya ukuta wa mawe, yananukia mpaka jikoni. Nimetembea njia yote nikisalimia mawe. Fungu la Shangazi Ettie ndilo nono kuliko yote, limejaa matumba, na yeye huyo hapo bado anagombana na mbwa. Ushahidi mnataka upi tena? Pa baba ni jiwe tupu. Bibi aliyang'oa maua yale wiki ya mazishi.

Langu lina majani mazuri, ya kijani, marefu. Tumba bado. Mimi tangu zamani ni mchelewaji, hata kuzaliwa nilichelewa.

Jumamosi, Septemba 7

Kunguru mwenye mabaka meupe wa kwenye msonobari amenishukia kichwani mara mbili, kwa sababu ana vifaranga na hapendi kofia yangu. Nimemwambia nimefukuzwa na polisi wa bandari saba, yeye ni nani?

Hakuna tumba.

Jumatano, Septemba 11

Hakuna tumba. Sahani moja. Mikono ilikuwa na sabuni.

Jumapili, Septemba 15

Njia yote imechanua. Manjano matupu kutoka getini mpaka kwenye ngazi, kama mtu amemwaga rangi. Jirani alipunguza mwendo wa pikapu yake ili aangalie.

Langu ni majani.

Nilipiga magoti nikayatenganisha majani kwa vidole, moja moja, mpaka kwenye udongo, kama mtu anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Hakuna. Na nikiwa hapo nikaona kidole changu cha mwisho, cha mkono wa kushoto, kinagonga jani. Tik, tik. Sikukituma mimi.

Upepo ulikuwepo. Naandika hapa kwamba upepo ulikuwepo.

Jumatatu, Septemba 16

Sikulala vizuri. Nimemkumbuka baba pale mezani, kwenye kiti kile kile ninachokalia kuandika. Baba alikuwa fundi wa kujenga ukuta wa mawe, mtu wa mikono, kuta zake za malishoni bado zimesimama. Mwaka mzima alimwaga chai na hakuna aliyesema neno. Bibi alifuta meza tu. Chai inamwagika, bibi anafuta, baba anatazama dirishani. Halafu siku moja kijiko cha supu kilimpita mdomo kikampiga jichoni, mimi nikacheka, maana nilikuwa mtoto na ilichekesha. Baba naye akacheka. Hakuweza kuacha. Uso ulikuwa unacheka na macho yananiomba kitu.

Miaka ya mwisho walimfunga kwenye kiti kwa mkanda wa farasi, kwa wema, asianguke. Kiti kilitembea chenyewe sakafuni juu. Tulikuwa chini hapa tukila, tukisikiliza kiti kikitembea.

Leo chai nimeijaza nusu kikombe. Shangazi ameangalia kikombe, kisha ameangalia dirisha.

Ijumaa, Septemba 20

Bridie amepiga simu. Bridie ni binti yangu, fundi umeme kule Launceston, mwanamke anayepanda nguzo ambazo mimi hata kuzitazama nashikwa na kizunguzungu.

"Mzee wangu, kaa chini."

"Nimekaa."

"Nina mimba."

Nilipiga yowe mpaka mbwa akajificha. Nikamwambia mtoto ataitwa Desmond hata akiwa msichana. Akacheka, kisha nikamsikia anavuta pumzi.

"Nilikuwa naogopa sana, Baba. Kuzaa, na ule ugonjwa wetu. Lakini nikajiambia, mzee ana hamsini na tatu na bado anaruka kama ndama. Wewe ukiwa mzima, mimi ni mzima, na huyu ni mzima. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Najua ni upuuzi, lakini niambie tu. Fungu limechanua?"

"Linawaka kama taa, mwanangu."

"Nakuja Jumamosi ya fainali ya mpira. Nataka nilione."

Nimekwenda kuliangalia tena. Majani.

Ijumaa, Septemba 27

Nimeendesha mpaka New Norfolk, supermaketi, nikanunua dafodili za vyungu. Msichana wa kaunta akaniuliza ni za mpenzi. Nikamwambia ni za mjukuu. Shangazi alipolala baada ya chakula cha mchana nikazipanda katikati ya majani yangu, nikapiga udongo kwa kiganja. Nilitetemeka muda wote. Hiyo ilikuwa hofu tu. Hofu nayo hutetemesha, kila mtu anajua.

Jumamosi, Septemba 28

Leo nitaandika sana.

Asubuhi Shangazi alitaka kutembea njia yote mpaka getini, mara ya kwanza tangu anunue fimbo. Nikamwambia kuna baridi. Akaniambia baridi ilimkuta hapa nami nilimkuta hapa, tuongozane. Alisimama kwenye kila jiwe. Kwenye langu alisimama zaidi.

"Des."

"Naam, shangazi."

"Hivi ni nini?"

"Fungu langu. Limechanua."

"Limechanua vibete?"

Hapo ndipo nilipoona. Majani yangu yananifika gotini, na yale maua ya dukani yamesimama chini yao kama watoto waliopotea msituni. Hayafiki hata kifundo cha mguu.

"Baridi imeyadumaza," nikasema.

"Na hiki kibandiko cha duka, baridi imekiotesha?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya uzio, fimbo ikaanguka, machozi yakamtoka, na mimi nikacheka pia kwa sababu sikuwa na la kufanya. Kisha akaacha ghafla. Akajipangusa uso kwa mtandio.

"Afadhali mimi nilinunua ya kimo chake," akasema.

"Ulinunua nini?"

"Okota fimbo yangu kwanza."

Tukakaa kwenye ukuta aliojenga baba. Akanieleza bila kuniangalia, anaangalia maua.

Fungu langu lilipofuka mwaka ule Bridie alipokuwa tumboni. Nilikuwa baharini. Shangazi aliona majani matupu, akaenda mjini akanunua matunguu ya aina ile ile, yale mashina ya chini yanayofanana na vitunguu, akayapanda vuli, majani ya miti yanapoanguka, kabla sijarudi. Yakachanua. Baada ya miaka michache yakapofuka tena, akapanda tena. Amekuwa akifanya hivyo maisha yote ya Bridie. Mwaka huu vuli, mwezi ule wa nne, ilimkuta hospitali na nyonga yake.

"Kwa hiyo ninao," nikasema. Sauti yangu niliisikia kama inatoka ng'ambo ya bonde. "Miaka yote hiyo maua yalikuwa yanasema ninao."

"Maua hayasemi kitu, mjinga wewe. Matunguu yakizaana chini ya ardhi yanasongamana. Yakisongamana hayatoi ua. Unayachimba, unayagawa, unayapanda upya, yanachanua. Basi. Hiyo ndiyo siri yote."

"La baba lilipofuka."

"La baba yako halikupofuka hata mara moja. Nilimwona mama yangu kwa macho haya, alfajiri, amepiga magoti pale na aproni imejaa matumba. Aliyakata yote kabla nyumba haijaamka. Mwaka ule chai ilipoanza kumwagika, na kila mwaka uliofuata."

"Kwa nini?"

"Sikumuuliza. Nadhani alitaka pawe na sheria. Ilimtisha kidogo kuliko kutokuwa na sheria."

Kisha akaniambia la kwake, ambalo sikuwahi kulisikia. Lake lilipofuka akiwa na miaka ishirini na minane, amechumbiwa na Alf Tolman wa Ouse. Akaona majani matupu, akamrudishia Alf pete kwa mkono wake, akamwambia hampendi. Akaingia ndani akasubiri Mtikiso. Alisubiri miaka kumi na mbili, kila asubuhi anaangalia vidole vyake. Siku moja, kwa hasira tu, akachukua uma wa shamba akalichimba lile fungu alitupe, akakuta matunguu yamebanana kama meno. Akayagawa. Mwaka uliofuata yakachanua yote.

"Na Alf?"

"Alf alikuwa na watoto wanne." Akachukua fimbo. "Nilipoona lako nikasema, huyu halitamla kama lilivyonila mimi. Aoe, azae, azunguke. Na umezunguka, nakusifu, mpaka umepata tumbo."

Niseme kweli, nilifurahi. Nilimbusu kipara cha katikati ya nywele zake, nikaruka ukuta, nikamwimbia kunguru. Maua hayajui kitu! Nilitembea hivyo mpaka nusu ya njia, na hapo ndipo nusu nyingine ya jambo lenyewe iliponifikia. Kama hayajui kitu, basi hata miaka yote yalipochanua hayakuwa yakijua kitu. Nilisimama na mguu mmoja mbele. Sikuwa na mahali pa kuukanyagia.

Bridie alifika saa sita akiwa na skonzi. Tulitazama fainali, Shangazi akamtukana mwamuzi kwa maneno ambayo mimi niliyasikia mara ya mwisho bandarini. Sikumwambia Bridie lolote; alipotaka kuliona fungu nikamwambia baada ya mpira. Nilikuwa nachekesha, nachekesha, nachekesha. Kisha Bridie akazima televisheni.

"Baba. Mguu wako."

"Una nini?"

"Unacheza."

"Unafurahia mpira."

"Mpira umekwisha, Baba."

Tuliutazama mguu wote watatu. Ulikuwa kwenye soksi ya kijivu. Ulikuwa unageuka pole pole kuelekea ndani na kurudi, kama mkia wa paka. Niliushika kwa mikono miwili. Ukatulia, bega likaanza.

Nikamwambia yote: vibete, shangazi, bibi na aproni. Bridie hakulia. Alikaa mkono juu ya tumbo lake, ambalo bado halijaonekana.

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

"Hujawahi kupima."

"Nilikuwa na fungu."

"Una miaka hamsini na tatu, umezunguka dunia, na ulikuwa na fungu." Akasimama, akaenda dirishani, akarudi. "Utapima wewe kwanza. Ukiwa huna, mimi sina, na tutacheka mpaka Krismasi. Ukiwa nao, nitajua ninarusha sarafu gani."

"Mwanangu, mimi naogopa."

Sikumbuki kama nimewahi kumwambia mtu maneno hayo, katika bandari yoyote.

"Na mimi," akasema. "Sogea." Akakaa kwenye mkono wa kiti changu kama alivyokuwa akikaa zamani, kiti kikalia.

Jumapili, Oktoba 13

Theluji vilimani, mwana-kondoo mmoja amekufa. Chupa ya maziwa ya pacha wake imeniponyoka. Safari hii sina kisingizio cha kuandika.

Jumatano, Oktoba 23

Hobart. Kabla ya kutoa damu wanakukalisha na mama mmoja mpole anayekuuliza kama uko tayari kusikia lolote. Nikamwambia nimewahi kusikia nahodha Mgiriki akiimba. Hakucheka. Akaniuliza kwa nini nimekuja sasa. Nikatafuta mzaha mwingine mfukoni, hapakuwa na kitu. Nikasema, binti yangu yuko nje kwenye benchi.

Damu ni kidogo sana. Nilidhani watachukua zaidi.

Jumamosi, Novemba 2

Najipima mwenyewe. Nasimama kwa mguu mmoja kwenye zizi. Natia uzi kwenye sindano. Namimina chai kwa mkono wa kushoto. Siku nikifaulu nakuwa mfalme mpaka jioni. Siku nikishindwa najiambia ni uzee, ni baridi, ni macho. Shangazi anafuta meza. Leo nilimshika mkono wenye kitambaa.

"Usifute," nikamwambia. "Sema."

Akakaa. Mkono wake ulikuwa mkavu na umetulia kama jiwe la ukutani.

"Ulianza majira ya baridi ya mwaka jana," akasema. "Ulipokuja kwa siku yangu ya kuzaliwa. Ulikuwa ukikata keki."

"Hukusema."

"Niliomba niwe mzee tu, macho yangu yawe mabovu."

Jumanne, Novemba 12

Nyoka wa kwanza, mnene, anaota jua kwenye ngazi. Majani ya dafodili yanageuka manjano. Shangazi hakubali yakatwe wala yafungwe mpaka yafe yenyewe, anasema ndipo tunguu linaposhiba.

Jumapili, Novemba 17

Bridie amekuja, tumbo limeanza kuonekana. Tumelichimba fungu langu. Uma haukupenya mwanzoni. Chini yalikuwa yamebanana hivyo hivyo alivyosema, makubwa yamekandamiza madogo, mengine yamekuwa bapa kama sarafu, na katikati vile vibete vya dukani vimekaa kwa adabu kama wageni. Tulikaa chini kwenye nyasi tukiyatenganisha. Mkono wangu ulikuwa unarusha udongo ovyo, Bridie akawa anapangusa uso wake.

"Na huyu?" akauliza, akigusa tumbo. "Apandiwe?"

Nikatazama njia yote, mawe yote.

"Ukitaka," Shangazi akajibu kutoka kwenye kiti chake. "Lakini mwambieni mapema kwamba ni maua."

Tumeyaacha yote kwenye trei yakauke. Vibete pia. Sikuweza kuvitupa.

Ijumaa, Novemba 29

Yule mama mpole alikuwa amesogeza kisanduku cha karatasi za machozi upande wangu wa meza. Nilikiona kabla sijakaa.

Ninao.

Bridie alikuwa amesimama kwenye korido, hakuweza kukaa. Nilikuwa nimeandaa mzaha tangu nilipopita Bothwell njiani. Nikafungua mdomo, yeye akaniangalia, mzaha ukafia hapo. Akanishika mabega yote mawili, kwa nguvu, kama anayeshika ngazi ili mtu apande. Akasema Jumatatu atapiga simu aombe nafasi yake ya kupima. Nikamwambia nitakuwa kwenye benchi.

Nimeendesha yeye akiwa kando yangu, mpaka aliponiambia nisimame tubadilishane. Sasa niko mezani. Shangazi amelala taa ikiwaka. Mkono unatupa herufi nje ya mstari, mtasamehe.

Mwanzoni mwa daftari hili nimeandika kwamba hakuna mwanamume mwenye bahati kama mimi. Si kweli. Haikuwa kweli hata siku nilipoandika.